Usiizike Talanta ya Muhula Mmoja



Mnamkumbuka yule mtumwa wa Injili aliyekabidhiwa talanta moja na bwana wake, akaichimbia shimo? Hakuiiba. Hakuitapanya kwa ulevi. Aliogopa tu, na kwa woga huo akahukumiwa.

Leo nawahubiria juu ya talanta inayozikwa vyuoni mwetu: ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo muhula mmoja au mwaka, kisha kurudi kumalizia shahada nyumbani.

Sikieni habari za Sofia Corradi, binti wa Roma. Akiwa mwanafunzi wa sheria alipata ufadhili wa Fulbright, akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Akasoma, akafaulu. Aliporudi Italia mwaka 1958, chuo chake kikakataa kuitambua mitihani ile. Jasho la mwaka mzima likafukiwa mezani pa karani! Lakini Sofia hakukubali. Kuanzia 1969 alibisha hodi kwa wakuu wa vyuo na wanasiasa, miaka nenda miaka rudi, hadi mwaka 1987 Ulaya ikaanzisha mpango wa Erasmus. Mwaka huo wa kwanza walisafiri wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Tangu hapo wamesafiri mamilioni, naye Sofia wakamwita Mama Erasmus.

Na Erasmus+, iliyourithi mpango huo mwaka 2014, inavipokea hata vyuo vya Afrika vilivyoingia makubaliano na vyuo vya Ulaya. Mwanafunzi halipi ada kule anakopokewa. Hupewa posho na msaada wa nauli. Kabla hajapanda ndege, yeye na vyuo vyote viwili hutia saini mkataba wa masomo, ili alama zake zihesabiwe akirudi. Saini hizo ni matunda ya machozi ya Sofia!

Basi kijana, ni nini kinachokuzuia? Nakuona bwenini saa sita usiku. Fomu imefunguka kwenye simu. Umejaza jina, umejaza namba ya usajili. Ukafika pale wanapouliza kwa nini wakuchague wewe, ukaizima simu. Umeshachimba shimo! Unasema, "Mimi mtoto wa mkulima, nani atanitaka?" Usijikatae kabla hujakataliwa.

Mzazi, unaogopa mwanao atapotelea huko. Uliyemlea kwa sala, mwachie aende. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mhadhiri, ile barua ya mapendekezo uliyoombwa wiki tatu zilizopita, iandike leo. Ukiichelewesha, umeizika talanta ya mtoto wa mwenzako. Na akirudi na matokeo yake, yatambue kama mlivyokubaliana. Usimfanye arudie somo alilokwisha kufaulu.

Nawe uliyekwenda ukarudi, usibaki kutuonyesha picha za theluji. Keti na mdogo wako wa mwaka wa pili, mwonyeshe ulivyoijaza fomu, ulivyoomba viza, ulivyokabili upweke wa wiki ya kwanza. Ulipewa ili na wengine wapate.

Ndugu zangu, kilichozikwa chaweza kufukuliwa, lakini dirisha la maombi likifungwa limefungwa. Kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nenda kwenye ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako. Gonga mlango. Uliza.