Chini ya Land Rover

Sisi vijana tunaoshika kalamu tunapenda maswali makubwa: haki ni nini, mtu mwema ni yupi, na je, angekuwa mwema kama hakuna jicho linalomwona? Hili la mwisho ni la zamani mno. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, anamweka Glaucon asimulie habari za mchungaji aliyeokota pete ya dhahabu ndani ya ufa wa ardhi. Akikigeuza kito cha pete kuelekea kiganjani, haonekani. Yule bwana hakukawia. Alimtongoza malkia, akamuua mfalme, akakalia kiti. Sasa Glaucon anauliza: tukimpa pete kama hiyo mtu mwadilifu, na nyingine tukampa mtu mbaya, tutaona tofauti gani baina yao?

Swali zuri, sikatai. Lakini, ndugu msomaji, wafalme na malkia hatunao mtaani kwetu. Tunao mafundi. Mimi nimekulia kwenye gereji ya mjomba wangu, Arusha, upande wa Unga Limited, kazi yangu kushika tochi na kupokeza spana, na huko ndiko nilikoiona hiyo pete. Kila anayelala chali chini ya gari ameivaa. Mwenye gari yuko kwa mama ntilie anakunywa chai. Abiria watakaopanda wiki ijayo hata majina yao hayajulikani. Kilichofanyika kule chini anakijua fundi, na pengine mshika tochi.

Nizungumzie Land Rover za zamani, maana ndizo nilizozilalia chini. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, na ukoo wake ule wa springi ngumu ulikoma kutengenezwa mwaka 1985. Maana yake mdogo wao wa mwisho ana umri wa miaka 40 hivi. Kwa binadamu huo ni umri wa kusomesha watoto. Kwa chuma kilichopita kwenye mito na vumbi la Loliondo ni umri wa kukataa kuachana na jirani yake. Vyuma viwili vikikaa pamoja miaka yote hiyo vinaota kutu, na kutu inavifunga vikawa kama kitu kimoja.

Usukani ndio mahali pabaya zaidi pa kukutana na kukwama huko. Ukizungusha usukani, nguvu ya mkono wako haiendi moja kwa moja kwenye magurudumu. Inapita kwenye boksi, kisha kwenye vyuma virefu ambavyo kila mwisho wake una kichwa chenye kifundo cha duara ndani, kama kifundo cha nyonga ya ng'ombe. Kwenye kichwa hicho imetoka pini iliyochongwa ikapungua kuelekea nchani, mfano wa karoti, nayo inaingia kwenye tundu lililochongwa kwa umbo lilelile. Nati inaikaza karoti ndani ya tundu, na kipini kidogo cha kukunja, kotapini, kinapita kwenye nati ili isijifungue njiani. Basi. Uhai wa abiria kumi unaning'inia hapo.

Siku ya kubadilisha, unatoa kotapini, unafungua nati, ukitegemea kichwa kianguke chenyewe. Hakianguki. Asiyejua anachukua nyundo na kuipiga pini kwa chini. Hapo ameshaharibu, kwa sababu ncha inavimba kama uyoga na sasa haitapita tena tunduni. Anayejua haigusi pini kabisa. Anaikamata nyundo moja nzito upande huu wa tundu, halafu anapiga kwa nyundo ya pili upande wa pili, ubavuni. Lile tundu linajibonyeza kwa nukta moja tu, karoti inaachia, na kichwa kinashuka kwa mlio mmoja mkavu. Mara ya kwanza kuona nilidhani ni uchawi. Halafu kuna ule uzi wa kuzungushia kichwa ndani ya bomba lake: mwisho mmoja unafunguka kama nati zote za duniani, mwisho wa pili unafunguka kinyume. Kijana asiyeambiwa hilo anaweza kushinda kutwa nzima akikaza huku anaapa kwamba anafungua.

Lakini kichwa cha tairodi ni mtoto. Mzee mwenyewe ni rilei. Hii ni kama nguzo fupi iliyosimamishwa wima ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, ndiyo inayopokea mzunguko huku juu na kuupeleka kule chini. Inatakiwa itoke kwa kwenda juu. Maji na tope vinaingia pembeni mwake miaka na miaka, na yenyewe haina haraka ya kutoka. Mnamwaga mafuta, mnasubiri, mnaweka jeki chini yake mpaka pua ya gari inanyanyuka, mnagonga boriti pande zote, hamna kitu. Na hata ikitoka, ndani yake kuna springi nene iliyobanwa kwa nguvu. Ukiifungua kichwakichwa inaruka, na ikikukuta usoni hutaomba tena kushika tochi.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Nati inayofunguka haimjaribu mtu. Kotapini ni kitu cha bei ndogo sana, kuiweka ni kazi ya dakika moja, na karibu kila fundi anaiweka. Majaribu yanakuja kitu kikikwama. Ni saa kumi jioni, mikono imechubuka, na mwenye gari keshasema ana safari alfajiri. Hapo pete inaanza kuwasha kidoleni. Unaweza kukiacha kilichokwama, ukapaka grisi mpya kwa nje, ukasema umebadilisha. Unaweza kuleta gesi, ukachoma mkono wa usukani mpaka uwe mwekundu. Kichwa kitatoka, naam, lakini chuma kilichopikwa kiwandani kikawa kigumu sasa kimepikwa upya na moto wa kubahatisha, na hakuna atakayejua mpaka siku kitakapopinda. Mtaani tunaita kulipua kazi. Gari linaondoka linang'aa.

Nilishuhudia jambo hili kwa macho yangu, Land Rover 109 ilipokuja usukani ukicheza karibu robo mzunguko. Vichwa vilitoka. Rilei ikagoma siku nzima. Siku ya pili, mchana, mmoja wa vijana akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, si tuijaze mafuta tu kwa juu, tuipake grisi? Ataona imefunguliwa." Mjomba hakumgombeza wala hakutoa mahubiri. Alimwambia, "Lete jeki ile kubwa." Ikatoka magharibi. Vibanio vya ndani vilikuwa vimelika upande mmoja, na springi imekatika vipande viwili.

Mwenye gari alilipa bei waliyokubaliana mwanzo. Bei ya siku moja.

Hapo ndipo ninapogombana na wanafalsafa wangu. Kant angesema mjomba alifanya wajibu wake, na wajibu hauulizi malipo. Sawa. Lakini wajibu huo, gharama yake aliibeba nani? Siku ile ya pili haikulipwa na mtu. Ililipwa na unga ambao haukununuliwa nyumbani kwake. Sisi tunaosoma vitabu tunamtaka fundi awe mwaminifu kwenye giza la chini ya gari, halafu tunamlipa kwa kazi, si kwa muda, na tukisikia neno "imekwama" tunacheka tukidhani ni janja ya kupandisha bei. Pete ya Plato haikuwa na gharama yoyote kwa mchungaji kama angeamua kutoivaa. Angerudi tu kwa kondoo wake. Fundi asipoivaa anarudi nyumbani na mfuko mtupu. Mifano hii miwili haifanani, na nadhani kosa kubwa la Glaucon ni kufikiri kwamba asiyeonekana ni mtenda peke yake.

Maana kuna pete ya pili, na hii kaivaa mwenye gari. Sikiliza anavyosema: "Fundi, nisaidie tu nifike." "Wewe fanya fanya, tutaona mbele ya safari." Hajasema nidanganye. Hajasema acha kotapini. Amejigeuza tu akatazama kando, ili baadaye aweze kuapa kwamba hakujua. Nimesikia maneno hayo mara nyingi, kutoka kwa watu wa dini, walimu, wafanyabiashara wenye sura za heshima. Mtu anayenunua kutojua kwa bei nafuu amenunua kitu, na mimi simtoi kwenye hesabu.

Na abiria je? Mwaka 2011 watu kwa maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Masapila. Walikwenda kwa magari ya kila aina, Land Rover zikiwemo, kwenye barabara ya mawe na makorongo. Wagonjwa, wazee, mama na watoto. Hakuna aliyeinama kutazama chini ya gari, na angeinama angeona nini? Walimwamini dereva, dereva alimwamini tajiri, tajiri alimwamini fundi kwa bei aliyoipunguza kwa nusu.

Atatokea mtu aniambie: mbona magari mengi ya namna hiyo yanafika salama? Kweli yanafika. Kichwa kilicholegea kinaweza kutembea miaka bila kisa. Mwaka 1976 Thomas Nagel na Bernard Williams waliliandikia fumbo hili, kwamba watu wawili wanaweza kufanya uzembe uleule, mmoja akaua na mwingine akalala usingizi wake, nasi tukawahukumu tofauti kwa bahati tu. Fundi aliyesahau kotapini kwenye gari lililofika Wasso ni sawasawa na yule ambaye gari lake liliacha njia kwenye mteremko. Mimi nakubaliana na sehemu hiyo bila kusitasita. Ndiyo maana methali yetu ya "ajali haina kinga" inaniudhi ninapoisikia msibani kabla hata gari halijakaguliwa. Zipo ajali zisizo na kinga. Lakini mara nyingine methali ile ni ile grisi mpya ya kupaka nje.

Wengine wanasema dawa ni ukaguzi, askari wainame, stika zibandikwe. Na iwe hivyo, ila askari hataifungua rilei barabarani. Mjomba ana dawa zake mbili ndogo, na sijaona mwanafalsafa mwenye kubwa zaidi. Ya kwanza, kila chuma alichotoa anakiweka kwenye kiti cha mbele, kimefungwa kwenye gazeti, mwenye gari akutane nacho. Springi ile iliyokatika iliwekwa hapo. Yule bwana aliishika, akaigeuzageuza, akauliza kama inafaa kuuzwa chuma chakavu.

Ya pili ameianza karibuni. Likija gari la zamani lenye shida ya usukani, anataja bei mbili kabla ya kugusa spana: bei ya vitu vikitoka, na bei ya siku vikikwama, kila siku na hesabu yake, na mwenye gari akitaka anakaa pale kwenye benchi ashuhudie nyundo moja moja. Wapo wanaokubali. Mmoja alikaa kutwa nzima, jioni akawa ameshika nyundo ya pili upande wa pili wa tundu, shati limelowa, na alilipa siku zote mbili bila neno. Wengi hawapendi. Wanasikiliza bei ya kwanza, wanaisikiliza ya pili, wanamshukuru mzee kwa adabu zote, halafu wanalisukuma gari mpaka gereji ya jirani, ambako bei ni moja na kazi huisha kabla ya saa kumi.