Pinki Hii Haitadumu

Kwenye dirisha la jikoni la dadangu kuna kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa selotepu. Kina mistari 12 ya rangi, na nusu ya kila mstari ilikuwa imefunikwa kwa foili, ile ya kufungia kuku. Alikibandika Januari. Wiki mbili zilizopita alibandua foili, akaniita kutoka sebuleni nilikokuwa nikijaribu kumwandikia maelezo ya maonyesho yake.

"We, kuja uone."

Bluu ilikuwa bluu ileile. Kahawia ya udongo haikuwa imetikisika. Lakini pinki, upande uliofunikwa ilikuwa bado inawaka, na upande wa jua ilikuwa imechoka kama leso iliyofuliwa miaka.

"Na hiyo ndiyo iko kwa picha kubwa," akasema, akarudi kukoroga chai.

Dadangu huchora kwa rangi za maji. Ndiyo kazi yake, hana nyingine. Maonyesho yanafunguliwa mwezi ujao na anatakiwa kupeleka picha 18. Watu wakisikia rangi za maji wanafikiria vile vibonge tulivyopewa darasa la pili, kwa hivyo wacha nieleze kidogo. Karatasi yake ni ya pamba, gramu 300 kwa mita mraba, na mara nyingi inabidi amwagize mtu anayesafiri amletee. Anailoweka kwenye beseni, anaitandaza juu ya ubao, anabana kingo kwa utepe wa gundi na kungoja ikauke hadi ikaze kama ngozi ya ngoma. Nyeupe yake ni karatasi yenyewe, ile sehemu aliyoiacha bila kuigusa. Ukishaipaka, imeenda. Jua likiwa kali, rangi inakauka kabla hajaieneza. Mvua za Aprili zikianza, mpako mmoja unaweza kushinda asubuhi nzima ukiwa majimaji. Picha nyingi zinaishia chini ya kitanda na migongo yake inatumika kujaribia rangi. Halafu kuna fremu, kioo, kadibodi ya kuzuia karatasi isiguse kioo, na kumbembeleza fundi akubali nusu sasa na nusu baada ya mauzo. Juzi tulibeba fremu tatu kwa matatu, zimefungwa blanketi, na makanga akatulipisha kiti cha ziada. Sikubishana. Zilikuwa zimekaa.

Picha kubwa ni ukuta wa ploti tuliyolelewa, Eastlands, na bogenvilia iliyouangukia. Ukuta wenyewe ulibomolewa kitambo. Shida ni kwamba pinki ya bogenvilia haikai ndani ya rangi za kawaida. Watengenezaji huipata kwa kuongeza kitu kinachong'aa kama vile vikoti vya watu wa boda, na hicho kinachong'aa ndicho jua hula kwanza. Inabaki pinki ya adabu. Ipo pinki ya kudumu, na alishaijaribu. Ilitoka bogenvilia nzuri tu, ila haikuwa ile yetu.

Bei ni 65,000, na ukumbi unachukua asilimia 40. Mwenye ukumbi, mtu mzima mwenye heshima zake, aliposikia habari ya dirisha alisema mteja akiuliza ajibiwe ukweli, lakini kwa lebo isiandikwe. Mwandishi wa lebo ni mimi. Nalipwa elfu tatu.

Simwoni kama mwizi, na hoja yake si ya kutupwa. Kila kitu huchakaa. Hakuna godoro lililoandikwa kwamba litabonyea. Mama anayeuza waridi City Market anakuuzia kitu kitakachokufa kabla ya Jumapili na humwiti tapeli. Tena picha ikiwekwa mbali na dirisha itakaa miaka bila neno, na ukimtisha mnunuzi kwa neno "itafifia" atawaza kwamba anauziwa takataka. Ukweli ulioandikwa vibaya unaweza kudanganya pia.

Lakini anayenunua waridi anajua. Anayenunua picha ya 65,000 anaamini ananunua kitu cha kumwachia mtoto, na bei inategemea imani hiyo. Hapo ndipo nilipokwama, siku tatu, lebo haiandikiki.

Nilisoma falsafa miaka miwili na nusu kabla sijaacha chuo, na moja ya vitu vichache nilivyotoka navyo ni hadithi ya mfanyabiashara wa nafaka. Iko kwa Cicero, kitabu cha mwaka 44 KK. Rhodes kuna njaa. Mtu anafika na meli ya nafaka kutoka Aleksandria, naye njiani ameona meli nyingine zikija zimejaa. Awaambie wenyeji, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli (si yule aliyelala ndani ya mtungi) anasema taja kasoro sheria inazotaka, mengine si kazi yako. Mwanafunzi wake Antipater anasema mweleze mnunuzi kila unachojua. Cicero anaishia upande wa Antipater, na sababu yake naipenda: kunyamaza tu si kuficha. Kuficha ni pale unapotaka mwenzako asijue jambo linalomhusu, ili wewe ufaidike. Kitabu chenyewe alimwandikia mwanawe aliyekuwa Athens akisomea falsafa, kijana aliyesifika zaidi kwa mvinyo. Nilimwelewa huyo kijana.

Halafu kuna Henry Vaughan, mkusanyaji wa picha wa Uingereza aliyefariki 1899. Aliachia jumba la sanaa la Edinburgh picha 38 za rangi za maji za Turner kwa sharti kwamba zionyeshwe Januari peke yake, mwanga wa huko ukiwa dhaifu, na watu waingie bure. Turner alitumia rangi dhaifu bila kujali. Zaidi ya karne imepita na picha zile zinasifiwa kwa rangi yake, kwa sababu kuna mtu alijua zinaumizwa na nini. Januari yetu, bila shaka, ndiyo iliyochoma kipande cha jikoni.

Nilimsomea dadangu hayo yote. Akasikiliza, akaosha brashi, akasema, "Basi kuna mtu nafaa kumpigia."

Mwaka 2019 alimuuzia mwalimu mmoja mstaafu picha ya kwanza ya maisha yake. Ilikuwa jakaranda, kwa 12,000, na zambarau yake ilikuwa ya kuchanganya bluu na pinki hiyohiyo. Wakati huo hakujua. Pesa zile ziliingia karo yangu ya muhula wa kwanza, kwa hivyo sikuwa nimekaa pale kama shahidi tu.

Alipiga akiwa ameweka spika. Akaeleza polepole, akaomba msamaha, akasema atachora nyingine bila malipo. Kimya. Nikasikia kuku nyuma ya simu.

"Mwanangu," mwalimu akasema, "mimi nilidhani ni macho yangu. Hata nilienda kupimwa."

Akacheka, akasema miwani aliyopewa ni mizuri. Picha ya pili ataipokea, lakini ile ya kwanza asiichukue, ataihamishia kwenye korido. Dadangu alipokata simu alikaa na simu mkononi muda mrefu.

Mimi nilienda nje. Nilipoacha chuo, nilimficha mamangu miezi saba. Alikuwa akipiga kila Jumapili: "Masomo?" Nami: "Yanaendelea, mama." Si uongo kabisa, ya wengine yalikuwa yanaendelea. Alikuwa akinitumia 1,500 za kutoa kopi, nami nilikuwa nikizila. Siku zote nilihesabu deni langu kwake kwa shilingi, 1,500 mara saba, na nimeshalipa karibu zote. Baadaye shangazi aliniambia kwamba miezi ile mama alikuwa akisikia kitu kwa sauti yangu, na alikuwa akiomba Mungu amwondolee roho ya kunishuku. Hiyo hesabu sijui naiandika wapi.

Lebo niliimaliza usiku huo. Chini ya jina la picha na vipimo niliandika: "Pinki ya maua haya hufifia kwenye jua. Itundikwe mbali na dirisha." Dadangu aliisoma mara mbili, akabadilisha "itundikwe" ikawa "itundike", akaituma kwa mwenye ukumbi pamoja na bei mpya, 50,000.

Hiyo ni Jumanne. Leo ni Ijumaa na tiki bado ni mbili za kijivu. Picha imesimama sebuleni, uso ukutani, na kwenye dirisha la jikoni kuna kipande kipya: pinki tano tofauti, nusu chini ya foili.