Bunduki Ngapi Zamtosha Mwindaji?

Haja na tamaa ni ndugu wawili wanaofanana sura, na aghalabu mdogo huvaa kanzu ya mkubwa akaenda nayo dukani kukopa. Nakuomba, msomaji, tuwatazame ndugu hawa mahali ambapo si vigumu kuwatenga, yaani katika nyumba ya mtu apendaye kuwinda ndege kwa bunduki ya marisau. Mtu huyu anayo bunduki moja, naye asema ahitaji ya pili. Akiipata atasema ahitaji ya tatu. Je, asema kweli? Na kama haja hiyo ina mwisho, mwisho wake ni bunduki ya ngapi?

Huenda ukasema swali hili si letu. Katika Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kupiga ndege kwa leseni kukakomeshwa mwaka 2003. Kwa hiyo mwindaji wa kwetu, kwa mujibu wa sheria, haja yake ni sifuri na hesabu imekwisha. Ni kweli. Walakini jambo la mwenzetu hutuonekania wazi kuliko letu, kwa kuwa hatuna upande ndani yake. Kwa hiyo mfano wangu mkubwa nitautwaa Uingereza, ambako bunduki hii ilifanyiwa ustadi mwingi na mapenzi mengi kupita kiasi.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Bunduki ya marisau haitupi risasi moja. Hutupa punje nyingi ndogo kwa pamoja, nazo hutawanyika hewani kama mtama uliorushwa na mkono wa mpanzi, ili ndege arukaye apatikane. Upana wa mtutu wake hutajwa kwa desturi ya zamani. Ratili moja ya madini ya risasi hugawanywa katika vidonge vya mviringo vilivyo sawasawa. Vikiwa 12, mtutu unaokipokea kidonge kimoja barabara huitwa wa 12, na vikiwa 20 huitwa wa 20. Ndiyo sababu namba ikikua tundu hupungua: mtutu wa 12 una upana wa karibu milimita 18 na nusu, na wa 20 karibu 15 na nusu. Baruti na punje zilizopimwa kwa mpigo mmoja, wazee wetu waliziita kiasi cha bunduki. Silazimishi neno hili liseme zaidi ya lilivyokusudiwa, lakini nalipenda.

Basi mpenda kuwinda hujitetea hivi. Kwale, asema, wataka bunduki nyepesi, maana mtu huwatembelea mchana kutwa. Bata warukao juu wataka nzito, yenye mdomo uliobanwa kidogo ili punje zisitawanyike mapema. Tena bunduki ni chuma, na chuma huharibika. Ikiwa kwa fundi, msimu hautamngoja mwenyewe. Maneno haya si upuuzi. Hata sheria yaweza kuzaa haja. Mwaka 1991 Marekani ilikataza punje za risasi katika kuwinda bata na mabata bukini nchini kote, kwa kuwa ndege walizimeza na chakula chao wakafa kwa sumu. Wawindaji wengi wakageukia punje za chuma cha pua, na mitutu mingi ya kale haikufaa kwa ugumu ule. Aliyekuwa na bunduki ya babu yake tu alikuwa na haja ya kweli ya nyingine.

Lakini zitazame hoja hizo kwa utulivu. Bunduki ya marisau iliyozoeleka huko ina mitutu miwili, mmoja umebanwa mdomo kuliko mwenziwe, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali. Ni bunduki mbili juu ya kitako kimoja. Aliyenunua moja amekwisha nunua mbili. Tena mafundi wa London humpima mwindaji kama fundi cherehani apimavyo: urefu wa mkono, shingo, upana wa bega, kisha huchonga kitako kimwelekee yeye peke yake, ili bunduki ikifika begani jicho na mtutu viwe vimekwisha patana. Mapatano hayo huja kwa mazoea ya miaka. Kila bunduki mpya huyavuruga. Ndiyo maana wawindaji wenyewe wana msemo wa kumhofu mtu mwenye bunduki moja, kwa sababu huyo huijua. Waata wa nyika ya nyuma ya Malindi waliwinda ndovu kwa upinde mzito ambao mgeni aghalabu hakuweza kuuvuta; nguvu ilikuwa katika mwili uliouzoea.

Hapa ningeweza kutoa hukumu nikaenda zangu, kama asingekuwapo Lord Ripon.

Bwana huyu alihesabiwa kuwa mpigaji hodari kuliko wote katika Uingereza ya zama zake. Aliandika hesabu ya vyote alivyoviua tangu mwaka 1867 hata alipofariki mwaka 1923, na jumla yake ilipita 556,000. Aliwinda kwa bunduki tatu zilizofanana, pamoja na watumishi wawili nyuma yake wa kuzijaza. Moja ikilia, ya pili ilikuwa njiani kumjia, na ya tatu ikijazwa. Sasa jibu, msomaji: Je, alihitaji bunduki tatu? Naam, alizihitaji. Kwa namna ya uwindaji wake, mwenye bunduki moja angalisimama anaangalia ndege wakipita juu ya kichwa chake. Wala si yeye aliyewafuata ndege. Ndege ndio walioletwa kwake. Watu walifuga fezanti kwa maelfu, jamii ya kuku wa mwituni wenye mkia mrefu, wakawalea mpaka msimu, kisha siku ya uwindaji wakapanga mstari na kuwafukuza kuelekea waliko mabwana. Tarehe 18 Desemba 1913, huko Hall Barn, Mfalme George wa Tano na wageni wachache waliua fezanti 3,937 kwa siku moja, na Mfalme peke yake zaidi ya elfu. Mwanawe amesimulia kwamba walipokuwa wakirudi Mfalme alikiri kuwa labda siku hiyo walikuwa wamezidi kidogo.

Kidogo! Hata hivyo namsifu kwa kuuliza.

Angalia jinsi haja ilivyofanya kazi hapa. Bunduki tatu zilihitajiwa kwa sababu ndege ni wengi. Ndege ni wengi kwa sababu walifugwa. Walifugwa kwa sababu mabwana wenye bunduki tatu walikuwa wakija. Kila mmoja akijitazama hatua yake peke yake ni mkweli, na duara zima halikuhitajiwa na mtu. Kusema "nahitaji" si kusema neno lililotimia. Daima hubaki swali: kwa kazi gani? Na likijibiwa huja jingine ambalo watu wengi hawapendi kulingoja: na kazi hiyo, ni lazima? Mhunzi ahitaji nyundo kwa sababu ya jembe, na jembe lahitajiwa kwa sababu ya chakula. Huko twafika penye mwisho. Aristotle alifundisha zamani kwamba mali ya kweli ya nyumba ni vyombo, na hakuna ufundi ambao vyombo vyake havina kikomo. Ningeongeza kwamba kikomo hupotea pale chombo kinapoanza kujitafutia kazi.

Lakini usikimbilie kumhukumu mtu kwa kuhesabu bunduki ukutani mwake. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909. Bunduki zake kuu zilikuwa nne, na moja tu kati yake ilikuwa ya marisau. Vitabu alivyochukua vilikuwa kama sitini, jambo ambalo mimi mwalimu siwezi kulipita bila kulitaja. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512, baba 296 na mwana 216, wengi wao kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington. Na yule Mskochi W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja na kwingineko, aliua ndovu zaidi ya elfu, wengi wao kwa bunduki ndogo ambayo wenziwe waliicheka. Bunduki chache, mauti mengi. Kuna na mzee mwenye bunduki thelathini kabatini ambaye hajatoa uhai wa njiwa tangu ujana wake. Uchache wa vyombo si usafi wa moyo.

Basi kosa la mzee wa bunduki thelathini, ikiwa lipo, liko wapi? Sioni kosa katika kupenda kitu kizuri. Mti wa jozi uliopakwa mafuta, chuma kilichochorwa majani kwa patasi ya mkono, ni kazi ya kustahiwa. Akisema, "Nakusanya," namwamkia na kumpita. Akisema, "Nahitaji," namsimamisha. Kwa sababu neno hilo lina madai ndani yake. Haja hutangulia mbele ya mambo mengine. Katika nyumba, asemaye ahitaji huomba wengine wangoje: karo ya mtoto ingoje, paa linalovuja lingoje, mke aliyevaa viatu vya mwaka juzi angoje. Tamaa iliyotajwa kwa jina lake hushika foleni kama wengine. Ikijiita haja, husogea mbele na kila mtu huipisha. Hapo ndipo hasara ilipo, nayo haimpati kwale.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1968 iligusa jambo hili kwa namna ya ajabu. Aliyetaka bunduki ya risasi alitakiwa aonyeshe sababu njema kwa kila moja. Aliyetaka za marisau, cheti chake hakikuwekewa hesabu. Sidhani kwamba marisau ni mapole. Katika chumba, kwa hatua tano, huua mtu kama risasi, na kila bunduki iongezwayo ni ufunguo mwingine wa kuchungwa na usiku mwingine wa kujiuliza kama umefunga. Jirani hakushauriwa, naye ana sehemu yake katika hatari hiyo.

Kwa kuwa kila mtu hupenda kipimo kinachowapima wengine, nilikipeleka kwenye rafu yangu. Nina kamusi nne za Kiswahili. Kwa kazi gani? Kufundisha. Ni lazima ziwe nne? Mbili huzifungua kila juma, maana moja hunyamaza pale nyingine isemapo. Ya tatu naipenda kwa harufu yake. Ya nne ni zawadi. Basi nahitaji mbili, na hizo nyingine siziiti haja mbele ya mke wangu.

Naye mwindaji, akiwa katika nchi inayomruhusu, nampa mbili vilevile: moja iliyochongwa kwa bega lake, na moja ya siku ambayo ya kwanza iko kwa fundi au sheria imekataa punje zake. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Na ile ya marehemu baba yake, Mwalimu, aiuze?" La, asiiuze. Hiyo si ya kuwindia tena. Aitoe mtambo, aiandikishe kwa wenye mamlaka, aitundike karibu na picha ya mzee, na akiulizwa na wageni aseme ni ya baba.