Kipimo Kimoja kwa Wote: Je, Ndiyo Haki?



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yatangazwapo, mtaa wa Mabanga mjini Goma hujaa shangwe. Aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, akina mama hupiga vigelegele, majirani hutoka nje kumtazama. Lakini nyumba ya pili mlango umefungwa. Humo yumo mwenzake aliyeketi naye darasani miaka yote, wala hakuna amwitaye. Mtihani mmoja umemfungulia huyu njia ya chuo kikuu, na yule umemfungia.

Basi yafaa tujiulize maswali mawili. La kwanza: je, ni haki kuwapima vijana wote kwa kipimo kimoja? La pili: ikiwa tutaona kwamba si haki kamili, je, mtu aweza kukikwepa kipimo hicho kwa hila, asiwe na kosa?

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Mtihani wa Serikali, ambao wengi huuita Exetat, ulianzishwa nchini Kongo mwaka 1967. Kabla yake vyeti vya mwisho wa sekondari vilitolewa na shule zenyewe, na ilikuwa vigumu kujua kama cheti cha shule hii chalingana na cha shule ile. Tangu hapo vijana wa Goma, wa Kinshasa na wa Lubumbashi hujibu mtihani mmoja wa taifa, kila mmoja kwa tawi lake la masomo. Sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua jibu lililo sahihi, na karatasi husahihishwa kwa mashine. Apataye asilimia 50 hupewa diploma.

Tusiidharau faida ya desturi hii. Mashine haina jamaa wala kabila. Haijui baba wa mtoto ni nani, wala haikumbuki ugomvi wake na mwalimu. Binti wa muuza makaa akijibu sawasawa, apata alama ile ile apatayo binti wa mkurugenzi. Kwa maskini hilo si jambo dogo, maana mahali pengine pote huulizwa kwanza: «Wewe ni wa nani?»

Mataifa mengine pia yamelifikiri jambo hili. Wachina walitumia mitihani kuchagua watumishi wa dola kwa zaidi ya miaka elfu moja, hata ilipokomeshwa mwaka 1905. Huko Marekani wakubwa wa elimu hawapatani. Chuo Kikuu cha California kiliamua mwaka 2020 kuuacha mtihani uitwao SAT, kwa kuwa wengi walilalamika kwamba wenye mali huwanunulia watoto wao mafunzo ya ziada. Lakini chuo kiitwacho MIT, kilichokuwa kimeusimamisha wakati wa ugonjwa wa korona, kiliurudisha mwaka 2022. Kilisema kwamba pasipo mtihani ilikuwa vigumu zaidi kuwatambua vijana wenye akili waliotoka katika shule maskini.

Sasa tuusikilize upande wa pili. Watu wawili wafika soko la Virunga na chukudu zao. Mmoja ameshuka kutoka Kibumba, njia ikimbeba. Mwingine amepanda kutoka ufukoni mwa ziwa, akisukuma kwa kifua. Mizani yapima magunia yao na kutaja kilo. Haisemi uongo. Lakini haisemi ni nani aliyepanda na ni nani aliyeshuka, maana hakuna aliyeiuliza hilo.

Ndivyo ilivyo kwa kijana wa Mabanga. Nyumbani asema Kiswahili, au lugha ya babu zake, na mtihani waandikwa kwa Kifaransa. Shule ya msingi ya Serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini sekondari yalipiwa; mwenye deni hurudishwa nyumbani, na siku za masomo zapotea. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na siku tano baadaye watu wa mitaa kumi ya Goma, Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini ikiwamo, waliamriwa kuhama. Wengi walikwenda kwa miguu hadi Sake, watoto mgongoni na daftari zimeachwa nyuma. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini, na shule zikafungwa. Karatasi ya maswali haijui lolote la hayo.

Lazima basi tupambanue. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, nayo yataka mambo mawili: kipimo kisichopendelea, na maandalizi yasiyomwacha mtu nyuma. Mtihani waweza kutupa la kwanza; la pili hauwezi. Kwa hiyo jibu letu ni hili: kipimo kimoja kwa wote ni haki, lakini ni nusu ya haki. Nusu nyingine yadaiwa kwa wale wenye wajibu wa kulipa walimu, kupata vitabu na kulinda amani. Kuvunja mizani hakuwezi kulipa deni hilo.

Hapa ndipo swali la pili latungoja. Wako wasemao: «Kwa kuwa njia si sawa kwetu, kuna kosa gani tukichanga fedha, tununue majibu?» Michango ya siri ya namna hiyo yajulikana, na wazazi wengine huuza hata mbuzi ili watoe. Tufikiri vizuri. Ni nani awezaye kununua zaidi: mjane wa Mabanga au tajiri? Siku majibu yatakapokuwa bidhaa, maskini atakuwa amepoteza mahali pale pamoja ambapo hakuulizwa fedha. Tena, aliyenunua diploma ya uuguzi atamchoma mgonjwa sindano asiyoifahamu. Hila haimwondolei maskini dhuluma; yaihamisha tu kwa mwingine aliye mnyonge kuliko yeye.

Kuna dhuluma nyingine ambayo si ya Serikali wala ya matajiri, bali ni yetu sisi wenyewe nyumbani. Namba ikitoka, baba asema: «Mtoto huyu hafai.» Je, mtihani ulisema hivyo? Haukusema. Ulisema kwamba katika siku zile chache, kwa maswali yale, kijana hakufikia kiasi kilichotakiwa. Bidii yake, uaminifu wake, ustadi wa mikono yake, hayo hayakuwekwa mizanini. Mtihani waweza kurudiwa. Neno la baba laweza kukaa moyoni miaka arobaini.

Basi, mambo matatu tuyashike. Tusinunue wala tusiuze majibu, hata wengine wakifanya hivyo. Tudai kwa sauti moja walimu na vitabu kwa watoto wetu, tangu darasa la kwanza, wala tusingoje mwezi wa mtihani. Na siku ya matokeo, baada ya kumpongeza aliyefaulu, twende tukabishe hodi kwenye mlango uliofungwa.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Kipimo kimoja chaweza kuwa cha kweli na bado kisitoshe kwa haki. Eleza kwa mfano wa kijijini kwako.

2. Anunuaye majibu amemnyang'anya nani?

3. Katika jamaa yako, aliyeshindwa mtihani aliambiwa neno gani? Lingefaa kuwa neno gani?