Fikra Haina Lugha Moja

Mwaka 1637, wakati wasomi wengi wa Ulaya wakiandika kwa Kilatini, mwanafalsafa René Descartes alichapisha kwa Kifaransa, lugha ya nchi yake, kitabu chake kuhusu njia ya kufikiri. Sababu aliitaja mwenyewe: aliiamini zaidi hukumu ya wanaotumia akili waliyozaliwa nayo kuliko ya wanaosadiki vitabu vya kale tu. Alitaka hata wanawake, walionyimwa elimu ya vyuo, wapate cha kuelewa humo. Nasi tusingoje lugha ya kigeni ndipo tuulize haki ni nini, ukweli ni nini, utu ni nini. Tuyaulize kwa Kiswahili, mbele ya kila mwenye akili timamu, na jibu lake tulisikilize.