Kilichomo Ndani ya Mfarishi wa Mtoto

Wanangu mnaoshona, na nyinyi mnaosubiri mtoto wa kwanza au mjukuu, nisikilizeni kabla hamjalipia kitambaa. Kila anayekuja kwangu kuagiza mfarishi huanza na rangi. Atataka vipande vya vitenge vilivyounganishwa, au njano kwa kuwa bado hajui kama ni wa kike au wa kiume, au jina litariziwe pembeni lionekane siku ya arobaini. Akishamaliza hayo yote ndipo husema, tena akiwa ameshageukia mlango: "Ndani weka chochote, bibi, ila uwe mnene."

Hapo ndipo ninapomrudisha kitini. Kitambaa cha juu unakiona na kukishika, na kikiwa kibaya utajua siku hiyo hiyo. Kijazio kikishafungiwa kwa mshono hukioni tena, na ndicho kitakachoamua kama mtoto atalowa jasho, atapiga chafya usiku kucha, au atapumua kwa raha. Rai yangu ni hii: kijazio cha mfarishi wa mtoto kiwe pamba, kiwe chembamba, kibanwe kwa mishono ya karibu karibu, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiachwe alale usingizi juu yake wala asifunikwe nao kitandani.

Nianze na hili la mwisho, maana ndilo linalowaudhi watu. Mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo isiyo na nguvu. Uso wake ukizama kwenye kitu laini kilichofura, hawezi kujigeuza, na hewa anayovuta ni ile ile aliyoitoa. Halii wala hapigi kelele. Waingereza walianza mwaka 1991, na Wamarekani mwaka 1994, kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika nchi hizo. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasisitiza hadi leo kwamba mtoto wa chini ya miezi 12 alale kwenye godoro gumu lenye shuka lililotandikwa likakaza, basi. Mto usiwepo, mfarishi usiwepo, mwanasesere asiwepo. Miezi minne ya mwanzo ndiyo ya kuogopa zaidi, na ndiyo hasa miezi ambayo mashangazi na masomo humletea mtoto vitu vinene kwa mapenzi.

Halafu kuna joto. Uingereza wanashauri chumba anacholala mtoto kiwe na nyuzi 16 hadi 20. Kwetu Tanga chumba cha namna hiyo hukipati bila kiyoyozi, hata Julai. Mtoto wa pwani, awe Tanga, Mombasa au Unguja, anatosheka na kanga iliyofuliwa mara nyingi ikalainika, nayo isipande kupita kifua chake. Ukitaka kujua kama amezidiwa na joto, gusa kisogo na mgongo. Viganja na nyayo za mtoto huwa baridi hata akiwa mzima, zisikudanganye ukamwongezea nguo.

Na aliyejifungua mtoto njiti asije kwangu kutafuta mfarishi. Mtoto huyo hupashwa joto na kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kanga na kuvikwa kofia. Njia hiyo madaktari waliianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, walipokuwa na upungufu wa mashine za kutunzia watoto, na leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa njiti wote, hata pale mashine zilipo. Baba naye anaweza kumkumbatia hivyo, na shangazi pia. Hakuna kijazio chochote kinachofikia hapo.

Mtaniuliza, basi mfarishi ni wa nini? Ni wa kutandikwa chini sakafuni mtoto akiwa macho, alale kifudifudi ajifunze kuinua kichwa, na wewe uko pale pale unamtazama. Ni wa mapajani unaposubiri zamu kliniki. Ni wa kumzungushia mtoto wa Lushoto au Makete aliyebebwa mgongoni alfajiri yenye ukungu, uso ukiwa wazi. Akishapita mwaka, uwekwe kitandani, na ukishonwa vizuri utamfikisha shule. Kazi hizo zote zinataka kitu chembamba kinachofulika, kwa sababu mtoto atakikojolea, atakicheulia na kukitafuna pembe.

Ndiyo maana nasema pamba. Nchi hii inailima kwa wingi, Shinyanga, Simiyu na Mwanza, ambako kituo cha utafiti cha Ukiriguru kimekuwa kikitoa mbegu zake tangu wakati wa ukoloni, ingawa nyingi huondoka nchini ikiwa marobota. Unyuzi wa pamba ni kama utepe uliosokotwa, kwa hiyo unamshika mwenzake, na kijazio hakikimbiikimbii ndani. Pamba hunywa jasho. Hata ikiwa kavu, katika hewa ya kawaida hubeba maji yapatayo asilimia 8 ya uzito wake, wakati polista haifiki hata asilimia 1. Tofauti hiyo mtoto anaihisi mgongoni: kwenye pamba jasho linaondoka, kwenye polista linabaki kati ya ngozi na kitambaa.

Lakini pamba zimezidiana. Iliyotoka kwenye kiwanda cha kuchambulia ikiwa na vipande vya maganda ya mbegu, ikatae au kaa nayo chini uichambue kwa mkono mpaka iishe uchafu. Mbegu ya pamba ina mafuta, na kila kipande kilichobaki kitatoa doa la manjano juu ya kitambaa cheupe baada ya kufua. Na kuna kosa linaloenea kwa mafundi vijana: wanakwenda duka la dawa wananunua mabunda ya pamba ya hospitali kwa sababu ni nyeupe na safi. Pamba ile imechemshwa na kuondolewa nta yake ya asili ili inywe maji upesi, na ndiyo kazi yake kwenye kidonda. Ndani ya mfarishi italowa siku ya kwanza ya kufuliwa, ijikusanye madonge, iache mahali patupu na mahali pa vinundu, na mteja hatarudi kwako tena. Tafuta pamba ya kujazia iliyochanwa ikatandazwa kama shiti. Kwa mfarishi wa pwani wenye sentimita 90 kwa 110, gramu 120 hadi 150 zinatosha kabisa. Ukiushika mkononi utauona mwepesi mno, na mama mkwe atasema umemwibia. Mwache aseme.

Fiba ndiyo inayowavuta wengi. Ni nyepesi, haisinyai, inakauka upesi, na kwa fedha kidogo inakupa ule unene unaopendeza dukani. Ni polista, waliyoigundua Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, mwaka 1941, na siwezi kuitukana, kwa kuwa ina mahali pake. Makete au Njombe, ambako masika nguo inakaa kwenye kamba siku nyingi bila kukauka, mtoto aliyepita mwaka anaweza kushonewa mfarishi wa fiba nyembamba ya shiti, kwa sababu pamba mbichi isiyokauka huota koga, na koga ni balaa kifuani mwa mtoto. Ila msinunue fiba ya madonge, ile ya kujazia mito. Haitulii, inasogea na kurundikana pembeni. Pia angalieni nyuzi zake zisipenye kwenye kitambaa chepesi zikaota vinyweleo vyeupe ambavyo mtoto atavilamba. Na moto: umeme ukikatika bado tunawasha mishumaa na vibatari. Pamba inashika moto haraka, sitawaficha, lakini polista inayeyuka, na tone lake linaganda kwenye ngozi. Mfarishi wowote na ukae mbali na kibatari.

Sufi nayo naizungumza kwa heshima, maana mabibi zetu waliilalia. Misufi ipo kote pwani, na matunda yake yakipasuka wakati wa kiangazi watoto huokota bure. Unyuzi wake una uwazi ndani uliojaa hewa, na nje una nta, ndiyo maana maji hayauingii na mabaharia walitengenezewa maboya ya kuvaa yaliyojazwa sufi. Kwa mto wa mtu mzima ni starehe. Kwa mtoto, hapana. Unyuzi huo ni mtelezi na mkavu, haushikani na mwenzake, unakatikakatika na kugeuka vumbi laini linalopita kwenye matundu ya kitambaa na kuingia puani. Ukiufua unajikunja madonge, na moto unaukimbilia. Kijana mmoja aliniambia kwamba kitu cha asili hakiwezi kumdhuru mtoto. Vumbi nalo ni la asili, mwanangu.

Vipande vya sponji vya magodoro ya zamani, mabaki ya mitumba yaliyokatwakatwa, vitu ambavyo hujui vilikuwa wapi na vililaliwa na nani, visikaribie mtoto. Sponji ikichomeka hutoa moshi wenye sumu unaoua haraka, na ikizeeka inamung'unyuka.

Wenye ndugu Uingereza au Kanada huletewa sufu ya kondoo. Ni nzuri kwa baridi ya kule, inanyonya unyevu mwingi bila kuonekana imelowa na haiwaki kirahisi, lakini maji ya moto na kusuguliwa huifanya isinyae ikakakamaa. Mama anayefua kwa kikiki kwenye beseni ataiua mara moja. Huletwa pia vijazio vilivyoandikwa kuwa ni vya mianzi. Vingi ni rayoni iliyopikwa kwa kemikali kutokana na mianzi, na tume ya biashara ya Marekani iliwachukulia hatua wauzaji mwaka 2009 kwa sababu ya maandishi ya namna hiyo. Lebo isome, kisha pima mwenyewe.

Kupima ni kazi ndogo. Nyofoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sahani, ziguse na moto wa kiberiti. Pamba inaungua na kunuka karatasi, majivu yake ni laini ya kijivu. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha punje nyeusi ngumu. Sufu ya kondoo inanuka nywele zilizoungua. Muuzaji aliyekuambia pamba tupu ukaona punje nyeusi, mrudishie mzigo wake kwa adabu. Kisha kata mraba wa sentimita 30, ufue, uanike, uupime tena. Pamba husinyaa asilimia 3 hadi 5, yaani utapoteza sentimita moja hivi au moja na nusu. Ukishajua hilo, vitambaa vya juu na chini vifue navyo kabla ya kukata, la sivyo mfarishi utajikunyata baada ya mfuo wa kwanza. Mwisho inua shiti ya kijazio kuelekea dirishani. Mwanga ukipita sawasawa kote, nunua.

Kwenye kushona, wengi mnapenda kuchora maua makubwa yenye nafasi pana katikati kwa sababu kazi inaisha upesi. Pamba iliyotandazwa kwa mkono haitaki zaidi ya sentimita 5 kati ya mshono na mshono. Mabibi wa Marekani waliojaza pamba ya mashambani mwao walishona karibu karibu hivyo, na urembo ule tunaousifia ulitokana na haja ya kuizuia pamba isihame. Piga bandi kwanza kuanzia katikati kwenda pembeni. Usitie vifungo, shanga wala riboni ndefu. Na kila sindano uliyoanza nayo asubuhi ihesabu jioni kabla hujaufunga mdomo wa mfarishi.

Limebaki jambo la kuhifadhi, na hili naomba mlichukue hata kama mengine yote mtayaacha. Kijazio na mifarishi huwekwa kabatini miezi mingi kungoja mtoto, na mtu kwa kuogopa nondo na mende anatia vile vidonge vyeupe vya dukani. Vingi ni naftalini. Ukanda wetu wa malaria una watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hasa wanaume, na wengi wao hawajijui, kwa kuwa siku za kawaida hawaumwi kitu. Mtoto mwenye upungufu huo akivishwa au kufunikwa nguo yenye mvuke wa naftalini, chembe zake nyekundu za damu hupasuka. Anapungukiwa damu, anakuwa wa manjano, na umanjano ukizidi huingia kwenye ubongo. Hahitaji kumeza kidonge; mvuke alioulalia unatosha.

Basi fua mfarishi, ukauke kabisa juani, uzungushie shuka la pamba na uweke mahali pakavu, na kila baada ya wiki chache utoe uupigishe jua. Mfuko wa nailoni usitumie, unafungia unyevu. Ukiletewa zawadi inayonukia vidonge, shukuru, iweke nje ya chumba cha mzazi, na mtoto mchanga asiiguse. Na ukimwona mtoto macho au ngozi vimegeuka manjano, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, usimwanike juani ukingoja kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na ukifika mweleze daktari kwamba nguo zake zilikaa na vidonge.