Paka Watupwao Mlangoni mwa Msikiti

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho juu ya ardhi na akajitwika riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote. Ama baada ya haya:

Alfajiri moja, siku za masika yaliyopita, tulipokuwa tukitoka msikitini tulikuta kikapu cha ukindu kimewekwa penye ngazi, karibu na mahali pavuliwapo viatu. Ndani yake mlikuwa na watoto watano wa paka ambao macho yao yalikuwa hayajafunguka. Wawili walikwisha kufa kwa baridi ya mvua ya usiku. Watatu walikuwa wakilia kwa sauti nyembamba, wakitafuta ziwa la mama yao lisilokuwapo. Watu walisimama kidogo, wakatikisa vichwa, kila mmoja akasema "Maskini!", kisha kila mmoja akashika njia yake.

Hatutaki kumchunguza aliyekiweka kikapu kile, kwani kupeleleza aibu za watu kumekatazwa. Lakini twataka kusema naye, yeye na wenziwe, kwa kuwa kikapu kile hakikuwa cha kwanza. Na twataka kusema na nafsi zetu pia, sisi tuliokipita.

Wafanyao jambo hili wakiulizwa hujibu: "Sisi hatukuua. Tumewaweka mahali pa watu wema, na Mungu ndiye Mwenye kuruzuku." Wengine huwachukua mpaka bandani pa samaki, wakasema kuwa huko hakukosekani vichwa wala matumbo ya samaki. Wengine huwatia garini wakawashusha mtaa wa mbali ili wasipate kurudi. Maneno haya yana sura ya dini, lakini tukiyapima kwa mizani ya dini twaona kuwa hayana uzito.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka. Alimfunga mpaka akafa. Hakumlisha wala hakumnywesha alipomfunga, wala hakumwacha akajilia wadudu wa ardhini. Hadithi hii twaisikia tangu tungali wadogo chuoni, na kwa kuwa tumeizoea, hatuizingatii. Tazameni, ndugu zetu, jinsi Mtume alivyotaja milango miwili ya kuokoka. Mlango wa kwanza ni kumlisha paka. Mlango wa pili ni kumwacha aende akajitafutie. Mwanamke yule hakuangamia kwa kuwa alimfuga paka. Aliangamia kwa kuwa aliifunga milango yote miwili.

Sasa yule aliyeweka kikapu adai ameufungua mlango upi? Hakulisha. Na je, amewaacha wakajitafutie? Mtoto wa paka hufungua macho baada ya wiki moja au mbili. Katika wiki 4 za kwanza uhai wake ni maziwa ya mama yake, na haifai kumtenga naye kabla hajatimiza wiki 8 au zaidi. Asiyeona, asiye na meno, asiyeweza kusimama, atamwinda mdudu gani? Basi aliyemtoa kwa mama yake kabla ya wakati amemfungia milango yote miwili, ijapokuwa hakumtia kamba shingoni. Na ndivyo alivyo paka mkubwa aliyelelewa ndani ya nyumba miaka, akila mkononi mwa watu, kisha watu wale wakahamia nyumba nyingine wakamwacha barazani. Huyo hakuachwa huru. Huyo ametupwa.

Ama kusema kuwa Mungu ndiye Mwenye kuruzuku, ni kweli isiyo na shaka. Aya ya 6 ya Suratu Hud yatufundisha kuwa hapana mnyama katika ardhi ila riziki yake iko juu ya Mwenyezi Mungu. Lakini riziki ya watoto wale Mwenyezi Mungu alikwisha kuileta, akaiweka katika ziwa la mama yao, na mkono wa mtu ndio ulioikata. Tawakali ya namna hii ni kama ya nahodha anayekitoboa chombo chake kwa mkono wake, kisha akaomba dua afike bandarini salama.

Wala mtu asidhani kuwa haya ni mawaidha ya kulainisha moyo tu, na kwamba sheria haina neno. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho katika darasa zetu za pwani kizazi baada ya kizazi, ametaja kuwa ni wajibu wa mtu kuwalisha na kuwanywesha wanyama wake. Akikataa, hulazimishwa: ikiwa mnyama aliwa nyama, achague kumuuza, kumlisha au kumchinja; ikiwa haliwi, amuuze au amlishe. Tazameni basi: kumtupa si miongoni mwa yale aliyopewa kuchagua. Na wanavyuoni wametaja haya katika mlango wa nafaka, mlango ule ule wa haki za mke na watoto.

Wala haki hii si ya paka peke yake, aliyehesabiwa na Mtume kuwa ni katika wanaotuzungukia majumbani, hata Abu Qatada akamwinamishia chombo cha maji ya udhu apate kunywa. Mbwa, ambaye katika madhehebu yetu ya Shafi ni najisi, ndiye aliyenyweshwa maji ya kisimani kwa kiatu, na mtu yule akasamehewa dhambi zake. Masahaba walipouliza kama wana thawabu hata kwa wanyama, waliambiwa kuwa katika kila chenye ini bichi mna thawabu. Unajisi wa mbwa watulazimisha kujitohirisha. Hauturuhusu kumpiga mawe.

Huenda mtu akasema: "Mambo haya ya kujenga nyumba za wanyama ni desturi za Wazungu, yatuhusu nini?" Jawabu ni kuwa nyumba mashuhuri ya mbwa waliopotea ya mjini London ilianzishwa mwaka 1860. Na Sultani Baybars, aliyetawala Misri tangu mwaka 1260 hata 1277, aliweka wakfu bustani karibu na msikiti wake mjini Kairo kwa ajili ya chakula cha paka. Kati ya wakfu ule na nyumba ile ya London imepita takriban miaka mia sita.

Lakini tusivimbe vichwa kwa wema wa waliotutangulia, kwani habari ile ina mwisho wake. Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Kairo katika miaka ya 1820 na 1830, ameeleza kuwa bustani ile ilikwisha kuuzwa mara nyingi, ikabaki kodi ndogo isiyotosha kitu. Kadhi, kwa kuwa ndiye mwangalizi wa mali za wakfu, aliachiwa mzigo wa paka, na kila alasiri mabaki ya nyama yakiletwa uani kwake wakusanyike wale. Na watu wa mji waliotaka kujiondolea paka, walikuwa wakimpeleka ua wa Kadhi wakamwachia pale pale. Je, hamuoni kuwa hii ndiyo hali yetu? Mali ya wakfu imeliwa, na mzigo umesukumwa mlangoni pa mwingine.

Na hapa petu, mwaka 1987 jumuiya ya Waingereza ilifungua Lamu zahanati ya kutibu punda bila malipo. Punda wale ni wa Waislamu, wamebeba mawe ya nyumba za Waislamu na mchanga wa misikiti yao. Twawashukuru waliofanya wema huo, wala si aibu kupokea wema. Aibu ni kuwa sisi, tunaosoma habari ya ngamia aliyemlilia Mtume kwa njaa na kazi nyingi, tulingoja mgeni avuke bahari aje kutuonyesha kidonda kilicho mgongoni mwa punda wetu.

Sasa twageukia upande wa pili, upande wa wenye huruma, kwani nao wana hatari yao. Tulimjua bibi mmoja katika mtaa wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa hawezi kupita paka mwenye njaa. Alianza na watatu. Habari zilipoenea, watu wakawa hutupa paka kwake usiku kwa juu ya ukuta. Miaka michache haikupita ila ua wake ulikuwa na paka zaidi ya arubaini, wagonjwa na wazima pamoja, naye akijinyima chakula awape. Alipolala kwa maradhi, hapana aliyekuwa na ufunguo wala habari. Mlango ulipofunguliwa, waliobaki hai walikuwa mbavu tupu.

Hatumlaumu bibi yule. Nia yake yajua Mola wake. Twajilaumu sisi tulioufanya ua wake kuwa jaa letu. Lakini lazima tuseme kweli: hadithi ya mwanamke na paka yawahusu waokoaji kuliko watu wote, kwa kuwa wao ndio wafungao mlango. Aingizaye paka wa kumi na moja hali ana chakula cha kumi, hakumwokoa mmoja. Amewapunja kumi na mmoja. Katika Abu Daud mna hadithi kuwa yamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale ambao chakula chao kiko juu yake. Basi nyumba ya kuwahifadhi wanyama, kabla ya kuuliza ni wangapi wateseka nje, yapasa iulize ni wangapi yaweza kuwalisha, kuwatibu na kuwasafisha mwaka mzima, hata siku ambayo mwenyewe ni mgonjwa.

Hesabu hii ni ya lazima zaidi kwetu, kwa sababu mlango ambao wengine huutumia nyumba zao zinapojaa, sisi tumefungiwa. Katika nchi za Ulaya na Marekani ziko nyumba ambazo mnyama asiyepata mwenyewe huuawa kwa sindano. Lakini katika Fat'hul Muin, kitabu kingine cha darasa zetu, imetajwa kuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha na maradhi. Asiyeweza kutoa kwa kuua hana budi kupima anapopokea.

Twalijua swali litakalofuata: je, yafaa kuwahasi paka wasizidi kuzaa? Paka jike huchukua mimba kwa muda wa miezi 2 hivi, naye aweza kuanza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka, akazaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Imam Nawawi amesema kuwa kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu, nasi hatuifichi kauli hiyo. Wako wanavyuoni wa zama zetu, miongoni mwao Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin aliyefariki mwaka 2001, walioruhusu ikiwa paka wamekuwa wengi wakaudhi, na kazi yenyewe haiwadhuru. Sisi twaona kuwa kauli hii ya pili yastahili kutazamwa kwa makini na masheikh wetu, kwani daktari wa mifugo wa leo humlaza mnyama kwa dawa asisikie uchungu, na madhara ya kuacha twayaona kikapuni. Lakini sisi ni wanafunzi, na fatwa ni ya wenyewe. Twaomba ijadiliwe waziwazi, isiachwe barazani kila mtu akaamua kwa matamanio yake.

Hata lije jibu hilo, yako ambayo hayangoji fatwa. Kwanza, mwenye paka aliyezaa awaache watoto na mama yao mpaka waachishwe, kisha awatafutie watu mmoja mmoja, kwa majina yao na ahadi zao. Pili, asiyeweza kabisa, aje kwa uso wake mchana akaseme, wala asije usiku na kikapu. Na akileta paka, alete na chakula chake. Tatu, tusiwape watoto wetu paka kuwa vitu vya kuchezea siku ya Idi, ila tuwe tayari kumlea mnyama yule baada ya mtoto kuchoka naye. Nne, kila mtaa uwe na watu watatu au wanne walioaminiwa, wakusanye senti kidogo kila Ijumaa, waziandike daftarini, wamlipe daktari wa mifugo. Wala wasipokee mnyama mmoja zaidi ya hesabu yao.

Yamebaki maneno ya wale watatu wa kikapuni. Mmoja wetu alirudi akawachukua, nasi tukawapa maziwa ya ng'ombe bila ya kumuuliza mjuzi. Yaliwaharisha, na wawili wakafa siku ya tatu. Ndipo tulipokwenda kwa daktari, akatueleza kuwa maziwa hayo huwadhuru, na akatufundisha ifaavyo. Wa tatu yu hai hata leo. Twayaandika haya ili ijulikane kuwa sisi nasi tuna lawama: huruma ilituchukua, na elimu tukaiacha nyuma, na waliolipa ni wale wasioweza kusema.

Mwenyezi Mungu amewaita wanyama kuwa ni umma kama sisi, katika aya ya 38 ya Suratul An'am. Umma huo haupigi hodi wala haushtaki kwa Kadhi. Lakini iko Siku ambayo kila haki itarudishwa kwa mwenyewe. Twamwomba Mola atusamehe tuliyoyapita tukatikisa vichwa, na atupe nguvu ya kuubeba mzigo ulio wetu bila ya kumtwika mwingine. Amin.